Meneja Yuko kwenye Majaribio

Jumatatu, 3 Machi

Mimi sijawahi kumwogopa mbwa. Tangu utotoni, mbwa wakiniona walikuwa wanakunja mikia na kutafuta njia nyingine ya kupita. Mbwa wa mtaa mzima walinijua. Hata yule mbwa wa polisi aliyeletwa hapa jirani siku moja, nina hakika yeye ndiye aliyenisalimia kwanza.

Daktari, ulisema niandike ukweli. Haya, ukweli ni kwamba naandika nikiwa nimekaa juu ya meza yangu ya kazi, miguu nimeipandisha, na mbwa yuko chini anazitazama soli zangu. Niko huku tangu asubuhi. Chai yangu iko jikoni, naiona kabisa, imeshafanya utando.

Mwanangu ndiye aliyeyaleta haya. Anasema nyumba hii haina usalama na mimi si kijana tena. Akaniambia nichague: ama nikae na mbwa wa ulinzi, ama nihamie kwake, ghorofa ya nne, nikalale kwenye chumba cha kupigia pasi. Kile chumba nimekiona. Dirisha lake linatazama dirisha la watu wengine, na watu wenyewe wanakutazama. Kibaraza hakuna. Fundi viatu bila kibaraza atakaa wapi, kwenye lifti?

Nikachagua mbwa. Ni dobamani, mweusi, kiuno chembamba, masikio yamesimama kama anadai majibu. Mwanangu alisoma kwenye simu kwamba mbegu hii ina damu moto na haifai kila nyumba. Alisoma baada ya kumleta.

Tumepatana hivi: yuko kwenye majaribio mpaka mvua zikatike. Akifaa, tunabaki sote wawili. Asipofaa, yeye anarudi alikotoka na mimi napanda ghorofani. Na wewe, daktari wa mifugo, ukaniambia niandike mambo yake humu, ili siku ya kuamua tusiamue kwa hasira. Daftari ni la mjukuu, kurasa za mbele zina hesabu za kugawanya. Amekosa nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ulikuja ukamkata kucha. Wewe uliyaona, lakini nayaandika kwa sababu maalumu.

Nilipoona ulivyomshika mguu kwa upole, kidole kimoja kimoja, nikakuuliza, "Na mimi je, daktari? Tangu goti hili ligome, vidole vyangu nawasiliana navyo kwa mbali tu."

Ukacheka. "Mzee wangu, huyu mbwa akimaliza mvua akiwa hapa, nitakukata na wewe."

"Kwa mkasi huohuo?"

"Nitauosha."

Limeandikwa. Usije ukakana.

Halafu ukaacha kucheka, ukasema, "Ila sikia. Hawa hawakuzaliwa wakae bure. Huyu ni mfanyakazi. Usipompa kazi atajitafutia mwenyewe, na huenda usiipende kazi atakayoichagua." Nikakujibu kwamba marehemu mke wangu alikuwa hivyohivyo, na tuliishi vizuri mara tu nilipoacha kubishana.

Jumapili, 9 Machi

Amechimba shimo. Jirani yangu wa upande wa kulia, mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa vile hazimiki, alichungulia ukutani akaniuliza namzika nani. Nikamwambia bado napima, naomba anitajie urefu wake. Amenuna. Utulivu ulikuwa mtamu, ulidumu mpaka mchana.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza, na radi. Mlinzi wangu mwenye damu moto aliingia chini ya meza, akachomeka kichwa katikati ya miguu yangu, akatetemeka mpaka nikagonga kidole badala ya msumari. Nimemwambia siri hii haitatoka nje. Sasa nimeiandika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempa jina. Anakaa mlangoni kutwa, anatazama mwenzake akifanya kazi, halafu anapiga miayo. Anaitwa Meneja.

Jumatatu, 17 Machi

Meneja amekula kiatu. Hakukimaliza, aliacha kamba. Kilikuwa cha kushoto cha mwalimu mkuu. Nimemwambia mwalimu arudi wiki ijayo, gundi haijakauka. Kweli haijakauka. Iko tumboni.

Jumanne, 18 Machi

Nilimkalisha Meneja, nikamshikia kile kiatu cha kulia puani, nikamsomea risala. Kiatu si nyama. Kiatu ni mali ya watu. Kiatu hakitoki kwenye kibaraza hiki mpaka mimi nimekimaliza. Alisikiliza kichwa kikiwa upande. Sidhani kama ameelewa.

Jumamosi, 22 Machi

Ameelewa. Ameelewa kupita kiasi.

Seremala alikuja kuchukua mabuti yake. Yalikuwa tayari, nikamwambia ajichukulie kwenye rafu, mimi nilikuwa na sindano mdomoni. Alipofika getini nikasikia kelele. Meneja hakumng'ata. Alikuwa ameshika buti moja kwa kisigino, ametulia, kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

"Mzee, mwambie mbwa wako aniachie!"

"Hajakushika wewe. Ameshika buti."

"Mabuti ni yangu!"

"Mwambie yeye."

Akamwambia. Meneja akapepesa macho, vile wanavyofanya wale wa ofisini kabla hawajakuambia urudi kesho.

Ikabidi niinuke. Nikayachukua yale mabuti, na kwa mazoea nikayagonga soli kwa soli, pa! pa! Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi: kiatu kikiisha unakigonga na mwenzake, ili kama kuna msumari umesahaulika ndani uanguke kabla haujaonana na mguu wa mtu. Nimegonga hivyo maisha yangu yote, nilisahau kuyagonga haya tu. Basi Meneja kusikia pa! pa! akapisha. Tena akatikisa kile kipande chake cha mkia.

Nilijaribu na viatu vya akina mama, vya watoto, hata ndara. Kisichogongwa hakitoki. Kilichogongwa kinapita na salamu.

Daktari, amejipatia kazi.

Jumanne, 25 Machi

Sasa limenifika na mimi. Kiatu chochote kikivuliwa kikalala kwenye kibaraza, kwake kimeshaingia stoo. Nilivaa vyangu niende dukani, akanishika pindo la suruali getini mpaka nikarudi, nikavivua kwa kuvisukuma kisigino kwa kisigino, nikavigonga, nikavivaa tena. Mteja mmoja aliyekuwa pale aliniuliza kama ni dawa ya goti. Nikamwambia ndiyo, ajaribu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Gundi haikauki. Meneja amenuka mbwa siku nzima, sijui alitegemea kunuka nini.

Jumatano, 9 Aprili

Leo ni habari kubwa, kaa vizuri.

Baada ya chakula nilisinzia kwenye kiti. Akaingia kijana mmoja amevaa koti la mvua, akajitambulisha kwa Redio ukutani kwamba amekuja kusoma mita ya maji. Mita yangu iko nje ya geti, Redio mwenyewe anajua, lakini alikuwa kwenye sentensi ndefu. Meneja akamnusa kijana, akampisha vizuri kabisa. Kijana akatazama rafu, akachagua viatu vya ngozi vya wakili, vile vya kahawia. Jicho lake si baya. Akavitia chini ya koti, akaondoka.

Nilipoamka mvua ilikuwa inapiga, na kijana alikuwa getini amesimama wima, amekumbatia viatu kifuani, na Meneja ameshika pindo la koti. Hawakuwa wanagombana. Walionekana kama watu wanaosubiri gari.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba. Mita inasemaje?"

"Mzee, nilikuwa navijaribu tu."

"Unajaribia kifuani?"

Redio akafungulia sauti. Majirani walijaa kabla sijapata fimbo yangu. Kijana aliviachia viatu, Meneja akamwachia koti, naye akatoka akakimbia. Hakuna aliyemfukuza, maana mtaa mzima ulikuwa umekuja kumtazama Meneja akivirudisha viatu kwenye rafu, kimoja kimoja.

Jioni mwanangu akapiga simu. Redio alishampa taarifa ya habari. Nilijua atafurahi.

"Baba, huyo mwizi aliingiaje?"

"Kwa miguu."

"Nauliza mbwa alikuwa wapi!"

"Alikuwepo. Alimkaribisha."

"Mbwa wa ulinzi anayekaribisha wezi?"

"Mwanangu, akiingia anakuwa bado hajaiba. Wizi uko kwenye kutoka. Meneja anakaa kwenye kutoka."

Akasema tutaongea. Mwanangu akisema tutaongea, ana maana ataongea.

Ijumaa, 18 Aprili

Nilidhani Redio ananichungulia kwa umbea. Leo nimegundua kila asubuhi anasubiri asikie nyundo yangu ndipo anapika chai yake. Amesema mwenyewe, wala hakuona aibu. Amejifunza pia kugonga ndara zake kabla ya kutoka kwangu. Anagonga mara nyingi kuliko inavyotakiwa, lakini hicho ni kipaji chake.

Jumatatu, 28 Aprili

Mambo yameharibika.

Nilikwenda kununua gundi. Huku nyuma mkwe wangu, mke wa mwanangu, akapita kuniletea chakula. Ni muuguzi, alikuwa anaelekea zamu ya jioni, amevaa vile viatu vyao vyeupe. Akavivua kibarazani kwa adabu, akaingia, akaweka chakula, akatoka, akavivaa. Getini unajua kilichotokea.

Redio alimpigia kelele ukutani, "Gonga! Gonga!" Mkwe wangu akagonga geti. Redio akazidi, "Si hapo! Gonga!" Akagonga mlango. Muda ukawa unakwenda, na mvua inanyesha. Mwisho akavivua viatu, akamrushia Meneja, akatoka pekupeku. Meneja alimpisha vizuri, watu wa pekupeku hana kesi nao. Alifika wodini ana matope mpaka magotini, na mgonjwa mmoja akajivuta kitandani ampishe alale.

Mimi nilicheka. Daktari, hilo ndilo lililoniponza. Mwanangu alikuwa ananisikia kwenye simu.

"Jumamosi nakuja kukuchukua," akasema. "Mbwa anarudi alikotoka."

"Mvua hazijakatika."

"Baba. Jumamosi."

Ijumaa, 2 Mei

Nimepanga misumari kwa ukubwa. Nimeipangua. Meneja amenitazama kutwa. Nimemwambia haikuwa kosa lake, alifanya kazi aliyopewa, shida ni uongozi.

Jumamosi, 3 Mei

Alikuja asubuhi, mvua ikiwa imeshika kweli. Akavua viatu mlangoni, nilimlea vizuri, akaanza kunifungia sanduku. Hakunitazama usoni. Akauliza kila kitu kilipo ingawa anakijua: soksi ziko wapi, miwani ya akiba iko wapi. Akalipeleka sanduku kwenye gari pekupeku. Meneja alilinusa, akaona ni mashati, akaliachia. Mashati hayamhusu.

Mimi nikavaa viatu vyangu vyeusi vya heshima. Sikuvigonga. Mtu mzima husahau.

Tulipofika getini, Meneja akanishika pindo, wala hakuvuta, alinishika tu. Mwanangu naye alikuwa amevaa vyake, akapiga hatua, Meneja akahama akamshika yeye. Mwanangu akarudi nyuma, Meneja akarudi kwangu. Mbwa mmoja, mapindo mawili.

"Mwambie atuachie."

"Hanisikilizi. Ana damu moto, si ulisoma?"

Akatoa simu, akasoma amri. "Kaa!" Meneja akakaa, bila kuachia. "Acha!" Hakuacha. Akaleta nyama kutoka jikoni. Meneja akaila kwa upande mmoja wa mdomo.

"Basi vua viatu, baba. Mke wangu alipita pekupeku."

"Kwenye matope haya? Na goti hili? Niteleze, halafu uniambie nyumba yangu haina usalama?"

"Nitakubeba."

"Nibebe basi."

Alijaribu. Mgongo wake ulilia kama bawaba. Kazi za kukaa kwenye kiti hizi.

Tukarudi kibarazani, tumelowa. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu vyake. Kimoja soli imefungua mdomo kwa matope. Akawa anaifungua na kuifunga kwa kidole, vile alivyokuwa akifanya utotoni akikaa hapohapo.

Akasema, bila kugeuka, "Baba, simu yako inapolia bila kupokelewa, mimi huacha mkutano. Natoka naenda kusimama kwenye ngazi za ofisi. Sijui huwa nafanya nini pale. Nasimama tu."

"Huwa naisikia," nikasema. "Mikono inakuwa na gundi."

"Mimi sijui kama ni gundi."

Daktari, miezi yote hii nilidhani anataka kunitawala. Kumbe anasimama kwenye ngazi. Nikamsogezea kopo la gundi.

Akalichukua. Akaparua matope, akakausha soli kwa kitambaa, akapaka pande zote mbili, akasubiri kama nilivyomfundisha. Mkono haujapotea. Nikamwambia amepaka kama mtu anayepaka siagi ya wageni. Akaniambia ninyamaze. Akabana, akapiga misumari midogo kwenye ncha, akapapasa ndani kwa kidole. Halafu akachukua kiatu cha pili, na bila kufikiri, mvua inanyesha na macho yake yako mbali, akavigonga soli kwa soli.

Pa! pa!

Meneja akainuka pale getini, akajinyoosha, akapisha.

Mwanangu akamtazama mbwa. Akavitazama viatu. Akageuka taratibu akanitazama mimi.

"Baba."

"Naam."

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Tangu asubuhi ulijua! Nimembembeleza mbwa! Nimekubeba!"

"Hukunibeba. Ulinikumbatia kwa nguvu."

Hakucheka. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akaanza kunifungua kamba za viatu. Nikajua basi, imekwisha, anavigonga ananivika, tunakwenda zetu ghorofa ya nne. Sikuvuta mguu. Nilimtazama Meneja, naye akatazama pembeni.

Akanivua cha kwanza, na soksi ikaja nayo, imelowa. Akaduwaa.

"Baba. Kucha hizi."

"Zinakua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie kwenye simu? Mkutanoni?"

Akaushika mguu wangu kwa mikono miwili. "Nitazikata," akasema. "Mkasi uko wapi?"

"Wewe acha. Kuna mtu ameshachukua tenda hiyo."

Hapo ndipo alipocheka, alicheka mpaka akakaa chini. Akanivua na cha pili. Akavishika vyote viwili, soli inatazama soli, nafasi ya kidole tu katikati yake. Meneja akasimamisha masikio. Redio, nilimwona juu ya ukuta, ameziba mdomo kwa kanga.

Mwanangu akaviinamisha, akaviweka chini ya meza yangu, kimoja kimoja, polepole visigusane.

"Wabaki hapo," akasema.

"Viatu?"

"Wote."

Akaenda kwenye gari kuleta sanduku. Meneja akalikagua tena, akaliruhusu kuingia. Anaruhusu chochote kuingia, hilo nakubali ni udhaifu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepokea simu ya mwanangu mikono ikiwa na gundi. Simu imegoma kuachana na sikio mpaka alipomaliza habari zake zote. Alilipanga hili makusudi, najua.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kidogo. Mkwe wangu alikuja. Aliponaswa getini safari hii alivua viatu vyake vyeupe, akavigonga mbele ya pua ya Meneja kwa nguvu ya mtu mwenye kisasi. Mimi nilikuwa nimeinamia kazi. Sikucheka. Daktari, andika hilo kwenye faili langu.

Jumapili, 25 Mei

Jua siku nne mfululizo. Redio ametangaza mvua zimekwisha, na wa kumpinga hayupo.

Umeomba niseme kwa kifupi kama mbegu hii inafaa nyumba yangu. Nasema hivi. Anayetaka mbwa wa kukaa atulie asichukue dobamani, anunue mto. Huyu lazima awe na kazi, na kazi hiyo ataifanya mpaka ikukere. Anaogopa radi. Anakaribisha wezi. Anamzuia mwenye nyumba. Mwalimu mkuu bado anauliza habari za gundi. Mwenye haraka, asiyeweza kurudi kutoka getini kwenda kugonga viatu vyake mwenyewe, mbwa huyu hamfai.

Mimi sina haraka. Ananifaa.

Sasa, wewe na mkasi wako. Mvua zimekatika na Meneja yupo, amelala mlangoni, anaota ameshika kisigino cha mtu. Njoo siku yoyote, asubuhi ndiyo nzuri, vidole vinakuwa bado havijavimba. Mkasi uuoshe kama ulivyosema. Ukifika vua viatu mlangoni, na mimi nitavigonga ukishamaliza miguu yote miwili.